Pey ana jina: niliyojifunza kuhusu wafu wa Watamil wasiotulia

Ilikuwa wiki ya mitihani, katika bweni la wanafunzi mjini Vellore, jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Niliamka usiku nikashindwa kunyanyua hata kidole. Mlango nauona, feni naiona inazunguka, na kifuani kuna uzito kama wa mtu aliyenikalia. Nilisikia anapumua.

Kwetu Tanga hilo ni jinamizi. Asubuhi utamsimulia bibi, naye atakuuliza kama ulisoma dua na kwa nini ulilala chali. Mwenzangu wa chumbani, Mtamil, aliliita amukkuvan pey, yaani pey (mfu asiyetulia) mkandamizaji. Jumapili mama yake akaja kututembelea na chakula. Alipopata habari akaniketisha kitandani, akaniita kannu, jicho langu, akaanza kuniuliza mambo. Jioni ile nilipita wapi? Nilipita chini ya mkwaju? Nywele zilikuwa zimefungwa au wazi? Nilikuwa nimevaa asumini? Kisha akauliza lililoniacha kimya: "Alikuwa nani?"

Fani yangu ni saikolojia ya tiba, na usingizi ndio eneo ninalolishughulikia zaidi. Najua lililonipata. Tunapoota, ubongo huzima misuli ili tusiitende ndoto kwa mikono na miguu. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijarudishiwa nguvu, na mabaki ya ndoto huingia chumbani ukiwa macho. Kukosa usingizi huchangia, kulala chali pia. Uchambuzi mmoja wa tafiti nyingi, wa mwaka 2011, ulikadiria kwamba watu karibu 8 kati ya 100 hupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ni karibu 28. Hayo nilimweleza mama yule kwa heshima, binti yake akitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka majani ya mwarobaini na mkasi wa chuma chini ya mto wangu, akarudia swali lake.

Kwa nini "nani", na si "nini"? Nilitumia miaka miwili iliyofuata nikitafuta jibu.

Tatizo huanzia kwenye tafsiri. Pey si jini, maana jini ameumbwa jini. Si shetani wa ngoma wa pwani yetu, ambaye hakupata kuwa binadamu. Wala si mzimu: wazee wa ukoo Watamil wanao, na siku mwezi usipoonekana katika Aadi, kati ya Julai na Agosti, huwatengea mabonge ya wali, kunguru wakaja kuyala kwa niaba yao. (Ni kunguru walewale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19.) Pey ni mtu aliyekatishwa. Kijana aliyejiua kwa mapenzi, mama aliyefia uzazini, abiria aliyegongwa na lori: amekufa siku zake hazijatimia, hamu yake bado mbichi. Neno letu la karibu ni mzuka, lakini mzuka hutokea, akatisha, akatoweka. Pey hung'ang'ania, kwa kuwa kuna kitu alikikosa.

Ndiyo maana ana jina, ana kijiji, na kuna watu wanaomkumbuka akiwa hai.

Nimewahi kuhudhuria kupungwa kwa pey katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa jimbo hilo. Aliyekamatwa alikuwa mwanamke aliyeolewa miezi michache tu. Waganga huko ni wapiga ngoma, na ngoma yao, pampai, ni mapipa mawili yaliyofungwa ubavu kwa ubavu. Waliimba muda mrefu, yule bibi harusi akaanza kuzungusha kichwa, nywele zikafunguka. Kiongozi wao akamsogelea: "Nee yaar?" Wewe nani? Hakujibiwa. Akauliza tena, akatisha, akabembeleza. Umetoka kijiji gani? Ulikufaje? Ulimshikia wapi? Hatimaye sauti ikatoka, ikataja jina la kiume, na watu wawili watatu waliokuwepo wakaangaliana, kwa sababu walimjua. Kijana huyo alikufa akiwa na mapenzi yasiyokubaliwa. Kupitia kinywa cha yule mwanamke alisema yuko mpweke, kwamba nyumba hii haimtaki huyu binti, kwamba analia kila usiku na hakuna anayemuuliza. Mama mkwe alikuwa amesimama hatua tano kutoka hapo.

Pey alipokubali kuondoka, walifunga fundo kwenye shungi la nywele zake, wakambebesha jiwe, akakimbizwa hadi kwenye mkwaju nje ya kijiji. Hapo shungi likakatwa na kupigiliwa msumari shinani. Misumari mingine ilikuwepo, imeshika kutu.

Baadhi ya wenzangu katika fani huuita huo mchezo wa kuigiza. Mimi nakataa. Maneno yale yasingeweza kutamkwa na mke mpya mbele ya wakwe zake, na usiku ule yalitamkwa yote, akasikilizwa na kijiji kizima. Sina kikao cha tiba ninachoweza kukilinganisha na hicho.

Nakataa pia elimu nusunusu inayosambazwa mno kule, kwamba watu hukabwa chini ya mkwaju kwa sababu mti hutoa hewa ya ukaa usiku. Kila mti hutoa, kwa kiasi kidogo, na upepo huitawanya. Maelezo hayo yanaonekana ya kisayansi, lakini hayamsaidii mtu yeyote. Lililonigusa mimi ni kwamba mkwaju, makao ya pey, asili yake ni Afrika.

Lakini sitapamba. Huko Erwadi, wilaya ya Ramanathapuram, kuna ziara, yaani kaburi la walii, ambako Waislamu, Wahindu na Wakristo hupeleka jamaa zao walioshikwa. Tarehe 6 Agosti 2001 moto uliunguza kibanda walimofungwa wagonjwa wa akili kwa minyororo, wakafa 28. Hakuna aliyekuwa akiwauliza majina yao. Mahakama ya Juu ya India iliingilia kati, na sheria ya mwaka 2017 inakataza kabisa kumfunga mgonjwa mnyororo. Madaktari nao waliletwa kufanya kazi kando ya ziara, katika mpango unaoitwa kwa maneno mawili ambayo sikuhitaji kutafsiriwa: dawa na dua.

Na si kila pey hufukuzwa. Katika karne ya 6, inavyosimuliwa, mwanamke wa mji wa Karaikal aliachwa na mumewe, ambaye alimwogopa baada ya kuona miujiza yake. Akamwomba Shiva, mungu wa Wahindu, amvue uzuri wake, akageuka pey: mifupa mitupu, macho yamezama. Katika mashairi yake alijiita pey wa Karaikal. Leo ni mmoja wa watakatifu 63 wa Shiva, na sanamu zake za shaba humwonyesha amekonda, ameketi, anapiga matoazi. Nilikaa mbele ya mojawapo nikimkumbuka yule bibi harusi.

Usiku wangu wa mwisho Vellore, mizigo ikiwa imefungwa, uzito ule ulirudi. Feni ilizunguka, pumzi ikawa karibu na sikio langu. Nilijua ni misuli, nilijua ni uchovu. Hata hivyo nilijaribu kumuuliza jina. Ulimi haukunyanyuka.