Kenya haina dini ya taifa, mbona Kadhi analipwa na serikali?

Swali hili naulizwa na wateja Waislamu kwa Wakristo. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema bayana kuwa hakuna dini ya taifa, kisha kifungu cha 170 cha Katiba hiyohiyo kinamweka Kadhi Mkuu ndani ya Idara ya Mahakama.

Mzizi wa jambo hili uko Pwani. Ukanda wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia tangu 1895. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, waliafikiana kwamba ukanda uingie Kenya na Waislamu wake wabaki na makadhi wao. Katiba mpya ilipoandikwa, viongozi wengi wa makanisa walipinga vikali, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikaamua kuwa kumweka Kadhi katika Katiba kunakiuka utengano wa dini na serikali. Hata hivyo, tarehe 4 Agosti wananchi wakaipitisha Katiba hiyo, Kadhi akiwemo.

Naona waliamua vyema, kwa sababu mipaka imewekwa. Kadhi husikiliza mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi tu, tena wahusika wote wawe Waislamu na wawe wamekubali kusikizwa naye. Mjane Mkristo hawezi kuburutwa huko. Sheria ya Mahakama za Kadhi inaamuru kila shahidi asikizwe bila kubaguliwa kwa dini wala jinsia, na ushahidi upimwe kwa kuaminika kwake, si kwa wingi wa mashahidi. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Kinachonisumbua ni huko kukubali. Kifungu cha 24(4) kinaruhusu haki ya usawa ipunguzwe, kwa kiasi cha lazima tu, sheria ya Kiislamu inapotumika mbele ya Kadhi. Basi binti anayepata nusu ya fungu la kaka yake awe ameingia pale kwa hiari, akijua. Mara nyingi sivyo: samansi inaletwa na ami yake, jamaa wamejaa mahakamani, naye anahofu kwamba akikataa ataambiwa ameitupa dini. Uhuru wa dini ni wake yeye, si wa ukoo. Ningependa kila Kadhi amuulize mwenyewe kabla ya shahidi wa kwanza, na jibu liandikwe kwenye jalada.

Mahakama Kuu nayo inaweza kusikiliza mirathi ya Mwislamu. Itaanzia kwenye sheria ileile ya Kiislamu, lakini kifungu cha 24(4) kimetaja mahakama za Kadhi pekee, kwa hiyo hoja ya usawa ina nafasi pana zaidi huko. Ukitaka kwenda huko, weka pingamizi la awali mbele ya Kadhi, yaani mwambie hukubali akusikize, kabla hujatoa ushahidi. Ukishashiriki kesi hadi hukumu, ni vigumu sana kumshawishi jaji wa rufaa kwamba hukukubali.