Je, ukipiga ukelele mlimani theluji huporomoka?

Hapana. Filamu na katuni zimetuzoesha kuona mtu akipiga ukelele bondeni na mlima mzima ukamshukia. Lakini sauti ni msukumo wa hewa, na msukumo hupimika. Ukelele wa mtu hufikia takriban paskali 2 tu (paskali ni kipimo cha msukumo). Kuvunja tabaka la theluji huhitaji mamia ya paskali, ndiyo maana wanaolinda barabara na viwanja vya skii (mbao za kuvaa miguuni ili kuteleza kwenye theluji) katika milima ya Alps, Ulaya, hutumia baruti wanapotaka kuiangusha theluji kwa makusudi. Mngurumo wa ndege ya abiria nao hautoshi. Ndege ya kivita inayopita chini kwa kasi kuliko sauti ni suala jingine, maana mshindo wake hukaribia kiwango hicho.

Kinachoporomosha ni uzito. Kwa watelezaji wa skii wanaofukiwa na theluji, mara 9 kati ya 10 hivi poromoko huwa limeanzishwa na mwathirika mwenyewe au mwenzake.

Siri iko chini. Kwenye baridi kali, ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki karibu na nyuzi joto 0 ilhali juu kunaganda zaidi. Mvuke hupanda kati ya chembe, na chembe hizo hugeuka punje kavu zenye pembe, zisizoshikana, mfano wa sukari. Dhoruba ikija, upepo huvunjavunja theluji mpya, huirundika upande uliojikinga na upepo na kuishindilia iwe bamba. Sasa una ubao juu ya sinia la sukari, na sinia limeinama.

Mtu akikanyaga, punje zilizo chini yake husagika. Bamba hubonyea, uzito wake huwaelemea majirani, nao husagika, kama kete za dhumna zilizosimamishwa kwa mstari. Ufa hukimbia makumi ya mita kwa sekunde. Mteremko ukizidi digrii 30, bamba zima huondoka. Lenye unene wa nusu mita, upana wa mita 50 na urefu wa mita 80 huwa na tani 400 hivi, na hupasuka juu ya mtu, si miguuni pake, hivyo ni nadra kulikwepa.

Dhoruba ikizidi, hata hatua ya mtu haihitajiki. Huko Galtür, Austria, tarehe 23 Februari 1999, baada ya wiki kadhaa za theluji, poromoko lilijishukia lenyewe kijijini na kuua watu 31.

Ishara za hatari ni mvumo mzito chini ya miguu, nyufa zinazotimka mbele ya skii, na maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani. Siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba ndiyo ya kuogopwa zaidi: watu hutoka kwa wingi, na ile sukari bado haijapata kushikana.