T2 kwenye tivii maana yake nini?

Watu wengi hapa Kampala wakisikia chaneli za bure wanawaza dishi, kumbe siyo lazima. T2, kwa kirefu DVB-T2, ni mfumo wa dijito ambao Uganda inarushia tivii kutoka minara ya hapa hapa chini, kama ile ya Kololo, na unainasa kwa antena ya kawaida. S2 ndo ile ya setilaiti, ya dishi. Sasa ukinunua dikoda ya S2 ukaiunganisha na antena utaskani mpaka usiku wa manane na hupati kitu, na mama jirani yangu yalimkuta hayo hayo, akaniita, nikageuza dikoda nikaona tundu la nyuma lina nyuzi za kuzungusha kama nati. Hilo ni la dishi, la antena huku kwetu mara nyingi unachomeka tu.

Tivii nyingi mpya zina T2 ndani kwa ndani, soma boksi lake kabla hujatoa pesa. Ya zamani itataka dikoda ya T2 kwa sababu analogi, ule mfumo wa zamani wa kurusha tivii, ilishazimwa huku tangu 2015.

Halafu jamani msiuziwe "antena ya dijito" kwa bei ya juu! Antena inanasa mawimbi tu, haijui kama ni dijito au analogi, ile ya UHF ya zamani yenye vijiti vifupi vya kama rula inatosha kabisa.

Kinachosumbua zaidi ni kuielekeza. Enzi za analogi picha ilijaa chenga lakini mpira ulikuwa unauona, dijito haina huruma hiyo, mawimbi yakipungua picha inakatika vipande vipande, inaganda, mwisho skrini nyeusi. Kwa hiyo usitege kwa kuangalia picha, fungua menyu utaona nguvu na ubora wa mawimbi, wewe fuata ubora, geuza antena kidogo, ngoja sekunde kadhaa, geuza tena. Na tazama antena za majirani, vijiti vimelala au vimesimama, ufanye vivyo hivyo.

Yule mama dukani walimbadilishia dikoda wakampa ya T2, antena yake ileile tukaitoa chini ya bati tukaifunga nje kwenye bomba ikaangalia Kololo, ubora ukapanda, tukaskani upya, na saa ya taarifa ya habari alikuwa ameshakaa anaangalia UBC, tivii ya taifa.