Maison du Peuple haikujengwa kwa mpira wetu

Msimu huu nimesoma kazi tatu za mwisho wa masomo, na zote tatu zinadai kwamba Maison du Peuple ya Bruxelles, ile Nyumba ya Watu ya wafanyakazi, ilijengwa kwa pesa ya mpira wa Kongo, ule wa utomvu wa miti. Ya kwanza niliisahihisha kwa upole. Ya tatu niliifunga, nikaenda kutafuta chai.

Kosa linatoka wapi, najua. Aliyechora jengo ni Victor Horta, na Horta huyo huyo, miaka ile ile ya 1890, alimjengea nyumba Edmond van Eetvelde, katibu mkuu wa Dola Huru ya Kongo, koloni binafsi ya Léopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Mwanafunzi anaona vyuma vilivyojipinda kama matawi huku na kule, basi anaamua kwamba mfuko nao ulikuwa mmoja. Fundi cherehani wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, akimshonea meya suti asubuhi, jioni akashona sare za kwaya, je, kwaya imelipiwa na meya?

Nyumba ya Watu ilikuwa ya ushirika, na ushirika huo ulianzia kwenye tanuri la mikate. Mfanyakazi alinunua mkate kwao badala ya kwa mwenye duka, na faida ikazunguka humo humo: nyingine ikamrudia mwanachama, nyingine ikaenda kwenye kazi za chama. Waza likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, ambayo zamu yake haimfikii mtu mmoja, inalifikia jengo. Chama chenyewe, Parti Ouvrier Belge, yaani Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji, kilizaliwa mwaka 1885 ndani ya mkahawa wa Grand-Place, uwanja mkuu wa Bruxelles. Miaka 14 baadaye, 1899, kilikuwa na mlango wake. Chini palikuwa na mkahawa mkubwa na maduka. Juu kabisa, ndani ya chuma na kioo, ukumbi wa watu zaidi ya elfu moja. Horta, mtoto wa fundi viatu wa Gent, mji wa Ubelgiji, alitaka wapate hapo anasa mbili ambazo vibanda vyao havikuwa nazo: hewa na mwanga.

Sisemi Bruxelles ya wakati ule haikunona kwa jasho letu. Ilinona sana; pembe za ndovu zetu zilichongwa sanamu kwa ajili ya maonyesho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, mwaka 1897. Lakini ukimpa Léopold kila tofali, unamfuta Émile Vandervelde, kiongozi wa chama hicho, aliyemkabili mfalme bungeni, kisha 1909 akaja Léopoldville, Kinshasa ya leo, kumtetea mahakamani William Sheppard, mmisionari Mmarekani mweusi aliyeshtakiwa na kampuni ya mpira ya Kasai. Kesi walishinda.

Kuna madai mengine kuhusu Nyumba hiyo. “Ilibomolewa na mabomu ya Wajerumani.” Hapana. Ilibomolewa mwaka 1965, hakuna vita, wasanifu wa dunia wakipiga kelele bure. Pakasimamishwa mnara wa ofisi. Vipande vilihifadhiwa ili vijengwe tena siku moja. Vingi vikapotea, vingine leo vinapamba mkahawa wa Antwerpen.

“Ilikuwa baa tu ya wanasiasa.” Sheria ya 1919 iliyokataza kuuza pombe kali kwenye baa za Ubelgiji inaitwa sheria ya Vandervelde. Tuendelee.

Na lile linaloniuma: kwamba kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, hapa kwetu nazo zilikuwa na “nyumba za watu”. Kumbi zile zilikuwa za kampuni. Mfanyakazi mweusi hakuruhusiwa chama cha wafanyakazi mpaka 1946. Ndiyo maana wagomaji wa Desemba 1941, hapa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira, peupe, na askari wakawapiga risasi. Hesabu ya serikali ya kikoloni ni maiti 48. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikufa pale.

Kwa hiyo kila mwaka narudia lile lile: kabla ya kunieleza uso wa jengo, niambie nani alilipa matofali na nani alishika ufunguo.

Yule wa kazi ya tatu alirudi jana. Léopold amemwondoa. Sasa ameandika kwamba Horta alikuwa Mfaransa.