Ukishapenda, Unaitwa Nani?

Dhana: Mapenzi ni ya watu wawili, wengine hayawahusu.

Ukweli: Tangu mshenga apige hodi, si ya wawili tena. Kuna kamati, michango, vikao vya jioni. Harusi ikiisha, binti wa watu anaamka akiwa wifi, mkamwana, shemeji na mama mdogo kwa mpigo, na kila jina lina adabu yake: nani wa kutaniwa, nani wa kupigiwa goti.

Dhana: Ukiolewa, sheria inataka ubadili jina.

Ukweli: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Pwani, binti huolewa na kubaki na jina la babake.

Jina linalogeuka kweli ni lile la mdomoni mwa watu. Siku moja nilimsindikiza shangazi yangu zahanati. Karani akaita majina matatu yaliyo kwenye kadi. Kimya. Akarudia. Shangazi alikuwa mbele yake pale benchini, anakunja ncha ya kanga, mpaka jirani akamgusa goti: "Mama Salma, si wewe huyo?"

Dhana: Anayependa kweli hujisahau kabisa.

Ukweli: Mwaka 1964 wanasosholojia Peter Berger na Hansfried Kellner waliieleza ndoa kuwa ni mazungumzo yasiyokatika. Watu wawili waliokuwa wageni wanasimuliana kila siku, na kwa kusimuliana huko hata yaliyopita yanapata sura mpya. Rafiki wa zamani anaweza kugeuka mtu asiyefaa bila yeye kufanya lolote. Kubadilika, basi, ni sehemu ya kupenda. Ninachokiogopa mimi ni nyumba ambamo mmoja husimulia na mwingine huitikia tu.

Dhana: Mwenzi akiondoka, unarudi kuwa yule wa zamani.

Ukweli: Mila zetu zenyewe zinakataa. Mjane Mwislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na pwani katika muda huo huitwa kizuka: si mke tena, na bado haposwi. Shangazi alipotoka eda alikwenda kwa fundi kushona gauni la rangi ya chungwa, rangi aliyoipenda kabla hajaolewa. Alilivaa mara moja, akajitazama sana kwenye kioo, kisha akampa Salma.