Barua yako tunaisoma, shida umeandikiwa

Malalamiko yamezidi tangu tangazo la nafasi za kazi litoke, imefika mahali nikienda sokoni Mgandini mtu ananisimamisha na kikapu changu, "mama, zile barua zetu si mnafungia karanga tu, kazi mshapeana." Jamani hapana. Nimekaa meza ya utumishi hapa Tanga miaka mingi na nasema kwa ninachokiona mezani kwangu, mimi sio msemaji wa taasisi. Barua za maombi ya kazi zinafunguliwa zote, zinasomwa na mtu zaidi ya mmoja na kila mmoja anaweka alama zake kabla hatujakaa kikao. Kinachotuchosha ni kwamba ukifika barua ya 40 unajikuta unasoma ile ile ya kwanza.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye afya njema na akili timamu, naomba kazi yoyote katika ofisi yako tukufu, nitajituma kwa bidii zote usiku na mchana." Hii naijua kwa moyo. Ipo kwenye kompyuta za stashenari, jamaa anafuta jina la mteja wa jana anaweka la wa leo, anaprinti, unasaini, unaondoka na bahasha. Tulipata moja anwani yetu ipo sawasawa, tarehe sawa, alafu chini inasema "nitafurahi kujiunga na kiwanda chako cha saruji". Sisi hatuna hata mfuko mmoja wa saruji, ukiacha ule tuliozibia ufa wa chooni.

Na hilo la kazi yoyote naomba tuelewane. Kwenye muundo wa utumishi hakuna cheo kinaitwa Kazi Yoyote Daraja la II. Tangazo lina jina la kazi, lina majukumu, lina sifa, na barua ndo jibu la hilo tangazo, basi. Tukiuliza mtunza stoo utujibu habari za stoo.

Kuna binti mmoja, sitasema mwaka wala idara, aliomba hiyo nafasi ya stoo akiwa na cheti tu wakati wenzake wengine wana digrii. Barua yake haikufika ukurasa. Aliandika kwamba amekaa stoo ya duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani miaka 2, anapokea mzigo, anahesabu kabla gari halijaondoka, anajaza leja na bini kadi, ile kadi ya hesabu ya kila bidhaa, siku hiyo hiyo, na kwamba mwezi wa kwanza alikuta mabati 11 yapo kwenye leja ila stoo hayapo, akafuatilia risiti moja moja akagundua yalitoka kwa mkopo na hakuna aliyeandika. Hakusema yeye ni mwaminifu, hakusema ana bidii. Lakini sisi wote mezani tulimuona amechuchumaa pale na kalamu anahesabu mabati. Tukamuita kwenye usaili.

Sasa mwenye digrii akaandika "nina uwezo mkubwa wa kusimamia rasilimali". Zipi? Wapi? Kama hujawahi kuajiriwa hiyo sio kesi, andika ulichofanya fildi ukiwa mwanafunzi, andika daftari la kikoba cha mama ulilokuwa unalitunza, mweka hazina wa timu ya mtaa, lolote ambalo tukikuuliza kwenye usaili utaeleza bila kubabaika.

Mengine nayapitia haraka. Kingereza kibovu hakikuongezei kitu, kama tangazo limeruhusu Kiswahili andika Kiswahili. Matatizo ya nyumbani tunayaonea huruma kama binadamu, ila fomu ya alama haina sehemu ya huruma. Na ukiandika kwamba umeelekezwa na mheshimiwa fulani, umejiweka pabaya wewe mwenyewe na yeye pia. Tangazo likisema barua iandikwe kwa mkono, basi ni mkono wako, sio wa dada yako mwenye mwandiko mzuri.

Twende kwenye utaratibu maana hapa ndo watu wanaanguka kwa wingi. Nafasi zinazopitia Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, hata kama kituo cha kazi ni Tanga, barua haielekezwi kwa taasisi inayoajiri. Inaelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Iwe imesainiwa, yaani unaprinti, unasaini kwa peni, unaskani ndo unapandisha. Vyeti ni vile vyenyewe, rizalt slipu za kidato cha nne na sita hazikubaliki, provisheno, yaani matokeo ya muda, hazikubaliki, testimonio, zile barua za shule au chuo za kukuelezea, hazikubaliki, na kila tangazo linasema hivyo kwa herufi kubwa lakini bado mnaleta. Cheti cha kuzaliwa kithibitishwe na wakili. Uliyesoma nje, cheti chako kipitie TCU (vyuo vikuu), NECTA (mitihani ya shule) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) kutegemea ngazi. Umri usizidi miaka 45, isipokuwa uliyeko kazini serikalini. Mtumishi aliyejiendeleza anataka kuhamia kada nyingine, barua ipite kwa mwajiri wake, asijifiche. Uliyestaafishwa huombi mpaka uwe na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi, na kuniletea soda ofisini hakugeuki kibali.

Cheti cha mtu mwingine au cha kutengeneza, hapo sio suala la kukosa kazi tena. Kughushi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungo kinaweza kufika miaka 7, na haijalishi umeajiriwa au bado. Mkumbuke Aprili 2017, uhakiki ulitoa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wengine walikuwa wameshakaa kazini miaka na miaka. Walioandika kwenye barua elimu wasiyokuwa nayo wasidhani barua sio ushahidi. Ina saini yako.

Kuomba kazi serikalini ni bure. Anayekwambia umtumie hela ya "kusukuma barua" anakuibia, nenda polisi au kwa wazuia rushwa TAKUKURU, usije kwangu kuniuliza kama hela imefika.

Mwisho ni namba ya simu, iandike mwenyewe na uihakiki. Juzi nimepiga kumuita kijana kwenye usaili, barua yake ilikuwa nzuri kuliko nyingi, ikapokelewa na sauti ya mtu mzima yenye kelele za mashine ya kopi nyuma yake. Alikuwa mwenye stashenari. Namba yake ndo ilikuwa kwenye kompyuta na hakuna aliyekumbuka kuifuta, na huyo kijana hamkumbuki.