Bomba la maji nalo linafundisha kutoboa mfupa
Kuna watu bado wanaamini eti bila simuleta, yaani mashine ya kuigiza upasuaji, tena ya bei mbaya, daktari wa mifupa hawezi kufanya mazoezi ya kutoboa mfupa, si kweli jamani. Ugumu uko mkononi: mfupa mrefu una ukuta mgumu huku na huku, katikati uboho laini, sasa drili ikimaliza ukuta wa pili inachomoka ghafla na nyuma yake kuna mishipa ya damu na neva. Chukua bomba la plastiki, libane mezani, nyuma bandika udongo wa mfinyanzi, toboa, halafu pima drili imezama milimita ngapi kwenye udongo. Rudia mpaka zipungue. Ila bomba halitoi damu, na drili ikipata moto plastiki inayeyuka unaiona, mfupa wenyewe unaungua kimya kimya.